Uigaji wa Chembe za Damu kwa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Tanga

Majibu haya yametokana na maswali ambayo wanafunzi, wauguzi, wataalamu wa maabara na wazazi hutuuliza kila tunapokutana Ngamiani kwa darasa letu la uigaji. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine tumeliwekea namba ya swali lake. Mwenye haraka ya kuanza kazi aende swali la 14, lakini swali la 17 asiliruke.

## Misingi

1. Kuiga chembe za damu kwa kompyuta maana yake nini hasa?

Ni kuandika kwa hesabu kanuni zinazoitawala chembe na majimaji yanayoibeba, kisha kuiacha kompyuta ipige hesabu hizo hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwanzoni unaieleza kompyuta chembe ilipo, umbo lake, ugumu wa utando wake, na nguvu inayoyasukuma majimaji. Yenyewe inakurudishia mahali chembe ilipofika, jinsi ilivyojikunja, na nguvu iliyoubana utando kila sehemu.

Wakati wa kuiga hakuna tone la damu linalotumika. Hata hivyo, kila namba unayoingiza ilitoka kwenye damu halisi iliyopimwa na mtu maabara. Bila vipimo hivyo kielelezo, yaani chembe hiyo ya kihesabu iliyo ndani ya kompyuta, ni mchoro wa kupendeza tu, na picha nyingi za damu inayotembea zinazosambazwa mitandaoni ni michoro ya namna hiyo.

2. Chembe nyekundu ina ukubwa gani, na kwa nini imebonyea katikati?

Ya mtu mzima mwenye afya ina kipenyo cha mikromita 8 hivi. Ukingoni ina unene wa mikromita 2 hadi 2.5, na katikati mikromita 1 hivi. (Mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Haina kiini, imejaa himoglobini (protini inayobeba oksijeni), na huishi siku 120 hivi. Katika milimita moja ya ujazo wa damu zimo milioni 5 hivi.

Namba inayofaa kukumbukwa kuliko zote ni nyingine. Chembe hii ina ujazo wa takriban mikromita 90 za ujazo, na eneo la utando wake ni kama mikromita 135 hadi 140 za mraba. Tufe lenye ujazo huo huo lingehitaji utando wa mikromita 97 tu za mraba. Chembe basi imevaa utando mkubwa kuliko mahitaji yake, kwa asilimia 40 hivi. Gunia lililojazwa hadi mdomo haliwezi kubadilika umbo. Lililojazwa nusu unalikunja, unalilaza, unalipitisha penye upenyo mdogo bila kulichana. Chembe nyekundu ni gunia la nusu. Utando wenyewe haupendi kutanuka: ukiongezeka eneo kwa asilimia 2 hadi 4 hivi hupasuka. Unyumbufu wote unatokana na ile ziada.

Ndiyo maana inapita kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote, zilizo nyembamba kuliko kipenyo chake, na ndani ya bandama inapenya kwenye nyufa zenye upana wa mikromita 1 au pungufu. Isiyoweza kupenya hapo huondolewa. Mwili wenyewe hutumia unyumbufu kama kipimo cha kuamua chembe ipi iendelee kuishi, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuuchukulia kwa uzito kama tunavyouchukulia wingi wa himoglobini.

3. Tuna hadubini hospitali ya Bombo, na Korogwe kuna watafiti wa malaria wa siku nyingi. Kwa nini isitoshe kutazama?

Hadubini haina mbadala, na hakuna anayeiga chembe kwa uaminifu bila kuitegemea. Ila slaidi iliyokaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa inaonyesha chembe zilizokufa, zimelala bapa. Haionyeshi chembe ikipita.

Maabara zenye vifaa hupitisha damu hai kwenye mifereji midogo iliyochongwa kwenye plastiki laini na kupiga picha maelfu kwa sekunde. Hapo umbo linaonekana vizuri, lakini nguvu haionekani. Kamera haikwambii utando umevutwa kiasi gani, wala shinikizo nyuma ya chembe ni kiasi gani.

Na iko sababu ninayoithamini zaidi. Kwa mgonjwa, mambo hubadilika kwa pamoja: chembe zinakuwa ngumu, zinapungua, plazma (majimaji ya damu yanayobeba chembe) inabadilika, mishipa inavimba. Kwenye kompyuta unabadilisha ugumu wa utando peke yake, mengine yote ukiyaacha yalivyo, na unaona athari ya ugumu na ugumu tu. Jambo hilo haliwezekani kwa mtu aliyelala kitandani.

4. Damu ni kimiminika. Kwa nini isihesabiwe kama maji?

Kwenye mishipa mikubwa inawezekana, kwa kadiri fulani (swali la 19). Kwenye mishipa midogo hesabu inakwama.

Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa, alipima katika miaka ya 1840 jinsi majimaji yanavyopita kwenye mirija myembamba ya kioo, akaonyesha kwamba mtiririko unalingana na kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe. Nia yake ilikuwa kuielewa damu, ila vipimo vyake vilifanywa kwa maji na vimiminika vingine vya kawaida. Mwaka 1931 Robin Fåhraeus na Torsten Lindqvist wa Sweden walipitisha damu yenyewe na kukuta jambo la ajabu: katika mirija iliyo chini ya milimita 0.3 hivi, mnato wa damu, yaani uzito wake inapotiririka, hupungua kadiri mrija unavyokuwa mwembamba. Kwenye mrija mpana mnato ni mara 3 hivi ya plazma. Kwenye mrija wa mikromita 7 hivi unashuka hadi kuukaribia mnato wa plazma yenyewe. Mrija ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, unapanda kwa kasi, kwani chembe zinaanza kubanwa.

Maji hayafanyi hivyo. Chanzo ni chembe kujikusanya katikati ya mrija na kuacha ukutani utepe wa plazma tupu, unaoteleza kirahisi. Bila kuzihesabu chembe zenyewe hutaupata utepe huo, na bila utepe huo kila jibu kuhusu mishipa midogo litakuwa na walakini.

## Ndani ya kielelezo

5. Utando wa chembe mnauandikaje kwa hesabu?

Njia iliyozoeleka ni kuugawa uso wa chembe katika pembetatu ndogo ndogo, mithili ya wavu. Wavu wa kawaida una nukta 642 na pembetatu 1,280. Kila mstari unaounganisha nukta mbili hufanya kazi ya springi, kisha unaongeza kanuni nne.

Ya kwanza ni ya kunyooshwa kando bila eneo kubadilika. Hii inatokana na matandazo ya protini iitwayo spektrini, yaliyo chini ya utando. Richard Skalak na wenzake waliiandika kwa hesabu mwaka 1973, na hadi leo kanuni yao inatumika. Ya pili ni ya kukunjwa, inayotokana na tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanomita 5 hivi. Hapo tunafuata kazi za Peter Canham za mwaka 1970 na Wolfgang Helfrich za mwaka 1973. Ya tatu inalinda eneo lisiongezeke, ya nne inalinda ujazo.

Wapo wanaoiga spektrini yenyewe, kiungo kwa kiungo, kwa wavu wenye makumi ya maelfu ya nukta kwa chembe moja. Inasaidia unapochunguza utando wenyewe. Kwa kuchunguza mkondo, sioni faida inayolingana na gharama.

6. Na majimaji?

Hapa shule zinagawanyika. Moja huiweka plazma kwenye miraba midogo na kufuatilia vifurushi vya chembechembe za kufikirika vinavyorukia mraba jirani na kugongana. Inaitwa njia ya latisi ya Boltzmann. Nyingine huiwakilisha plazma kwa matone yanayosukumana, kukwaruzana na kutikiswa bila mpangilio. Ilianzishwa mwaka 1992 na Hoogerbrugge na Koelman. Ya tatu hutatua moja kwa moja milinganyo ya Stokes, ile ya mwendo wa polepole wa majimaji, kwenye uso wa chembe, na ni sahihi sana chembe zikiwa chache.

Kinachounganisha majimaji na utando mara nyingi ni wazo la Charles Peskin, aliyelitumia mwaka 1972 kuchunguza vali za moyo: majimaji yanausukuma utando, utando unayarudishia nguvu, na gridi ya majimaji haihitaji kuchorwa upya kila chembe inaposogea. Kwa anayeanza, latisi ya Boltzmann pamoja na wazo la Peskin ndiyo njia yenye vikwazo vichache.

7. Namba zipi lazima niwe nazo kabla ya kuanza?

Ugumu wa utando dhidi ya kunyooshwa: mikronewtoni 5 hivi kwa mita, ingawa vipimo vya maabara mbalimbali huanzia 2.5 hadi 10. Ugumu dhidi ya kukunjwa: juli 2 zikigawanywa kwa 10 mara kumi na tisa, yaani 2 × 10⁻¹⁹. Mnato wa plazma kwenye joto la mwili: milipaskali-sekunde 1.2. Mnato wa himoglobini iliyo ndani: 5 au 6, yaani karibu mara 5 ya nje. Na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyochukuliwa na chembe, ambayo kwa mtu mwenye afya inazunguka asilimia 40.

Uwiano wa mnato wa ndani na wa nje ndio unaosahaulika mara nyingi. Wanafunzi huuweka 1 ili kurahisisha, kisha chembe yao inacheza mchezo ambao damu halisi haichezi (swali la 8).

8. Chembe hufanya nini hasa ndani ya mkondo?

Tuseme majimaji yanapishana kwa matabaka, la juu likienda haraka kuliko la chini. Kupishana kukiwa kwa polepole, chembe inabingirika kama kitu kigumu. Kwenye majimaji mazito kuliko plazma, kupishana kukiongezeka, chembe inatulia kwa mshazari na utando wake unaanza kuzunguka kuizunguka himoglobini, umbo likiwa limesimama palepale. Mwendo huo ulielezwa katika miaka ya 1970 na Thomas Fischer, Holger Schmid-Schönbein na wenzao, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba ndio mwendo wa kawaida wa chembe mwilini.

Lakini majaribio yao yalifanyika katika majimaji mazito. Kwenye mnato wa plazma halisi mambo ni tofauti. Luca Lanotte na wenzake walionyesha mwaka 2016, kwa vipimo na uigaji pamoja, kwamba kadiri kupishana kunavyoongezeka chembe inabonyea upande mmoja kama kikombe, kisha inapata umbo la ndewe kadhaa zilizochomoza. Utando kuzunguka kwa utulivu si desturi yake ndani yetu. Kila ninapolifundisha somo hili nasimama hapa kwa muda mrefu, kwani ni mfano wazi wa uigaji na maabara kusahihisha kwa pamoja jambo lililokuwa limezoeleka vitabuni.

Kwenye kapilari hadithi ni nyingine tena. Chembe ikipita katikati barabara inageuka umbo la mwavuli, kichwa mbele. Ikienda pembeni kidogo inalala upande na kuwa na umbo la kandambili. Maumbo yote mawili yamepigwa picha kwenye mishipa ya wanyama hai, na yote hujitokeza yenyewe kwenye kompyuta bila kuamrishwa, mradi namba za swali la 7 ziwe sahihi.

9. Kwa nini chembe hukimbilia katikati ya mshipa?

Kwa sababu zinanyumbulika. Kitu kinachobadilika umbo karibu na ukuta, mahali majimaji yanapopishana, husukumwa mbali na ukuta. Tufe gumu, kwenye mkondo wa polepole hivi, halisukumwi. Chembe nyekundu zikiwa ngumu, msukumo huo unapungua, utepe wa plazma unakuwa mwembamba na mnato unapanda. Ukilielewa hili, nusu ya sura inayofuata umeielewa.

## Malaria, selimundu na mambo ya kwetu

10. Malaria inabadilisha nini kwenye mwendo wa chembe?

Kimelea cha *Plasmodium falciparum* kikiingia kwenye chembe nyekundu hukaa humo saa 48 hivi hadi kuipasua. Kwa muda huo kinakula himoglobini, kinaongeza vitu vyake ndani, na kinapeleka protini kwenye utando. Vipimo vya Subra Suresh na wenzake vya mwaka 2005 vilionyesha kwamba utando wa chembe yenye kimelea kilichokomaa unaweza kuwa mgumu mara 10 ya ule wa kawaida. Tena chembe inavimba kuelekea umbo la tufe, ikiipoteza ziada ya utando tuliyoieleza katika swali la 2. Inakuwa na hasara mbili kwa pamoja.

Chembe kama hiyo ingefika kwenye bandama ingenaswa. Kimelea kinakwepa kwa kuifanya chembe igande kwenye kuta za mishipa midogo kwa vinundu vilivyochomoza juu ya utando. Ndugu zetu wa maabara wanaijua dalili yake bila kuambiwa: kwenye slaidi ya damu ya kidoleni wanakutana zaidi na vimelea vichanga vya umbo la pete, na vilivyokomaa ni nadra. Vilivyokomaa vimejificha kwenye viungo, ukiwamo ubongo.

Uigaji umesaidia kujibu ugumu wa chembe na kuganda kwake ukutani vinashirikiana vipi. Chembe ngumu zinasukumwa pembeni na zile laini, na huko pembeni ndiko ukuta uliko, kwa hiyo nafasi ya kugusa na kuganda inaongezeka. Pia tunajua kutokana na vipimo kwamba kwa wagonjwa wa malaria kali hata chembe zisizo na vimelea hupoteza unyumbufu. Mwanafunzi atakayeiga malaria kwa kuzifanya ngumu chembe zenye vimelea peke yake atakuwa ameacha sehemu kubwa ya ugonjwa.

Watu hutuuliza pia kama hili lina uhusiano na chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kwa kuwa Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu katika hatua ya tatu. Chanjo hiyo inapambana na kimelea kabla hakijaingia kwenye chembe za damu. Sisi tunaiga yanayotokea baadaye, kwa yule ambaye kimelea kimepita.

11. Selimundu je?

Selimundu inanigusa kuliko mengine, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu.

Kosa ni dogo sana: asidi-amino moja, ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini, ni valini badala ya asidi ya glutamiki. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba chanzo kimo kwenye himoglobini yenyewe. Oksijeni ikiondoka, himoglobini hiyo hujipanga kuwa nyuzi ngumu na kuitanua chembe iwe kama mundu.

Kwa anayeiga, jambo la msingi ni muda. Nyuzi hazijengeki papo hapo. Kuna kuchelewa, na kuchelewa huko kunategemea sana himoglobini imejazana kiasi gani ndani ya chembe. Chembe ikivuka kapilari na kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijakamilika, imesalimika. Ikicheleweshwa, nyuzi zinaikuta njiani na inaziba. Kielelezo cha selimundu kinahitaji basi oksijeni na saa, zaidi ya ugumu wa utando. Kinaeleza pia kwa nini upungufu wa maji mwilini ni hatari: chembe ikipoteza maji, himoglobini inakolea na muda wa kuchelewa unafupika ghafla. Na kinaeleza dawa ya haidroksiurea, ambayo huongeza himoglobini ya utotoni, isiyojiunga na nyuzi.

12. Ni kweli kuna watu ambao chembe zao humzuia mdudu wa malaria kwa ugumu wake?

Ndiyo, na hawako mbali nasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa damu ya watoto wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya, ulichunguza kundi la damu liitwalo Dantu. Utando wa chembe za wenye kundi hilo umevutwa zaidi, na mvutano ukipita kiwango fulani kimelea kinashindwa kuukunja ili kiingie.

Wenye chembechembe moja ya urithi wa selimundu nao wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo lililoonyeshwa na Anthony Allison mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Kinga hiyo haitokani na mvutano wa utando peke yake, kwa hiyo tusiyachanganye mambo haya mawili.

13. Mwanangu ana selimundu. Je, mnaweza kuiga damu yake mniambie hali yake?

Hapana, mama, na asikuambie mtu kwamba inawezekana hapa leo. Vielelezo hivi vinatusaidia kuelewa ugonjwa na kupima mawazo ya tiba. Havijafika mahali pa kuamua matibabu ya mtoto mmoja. Mtoto aendelee na kliniki yake, dawa zake na maji ya kutosha. Akipata homa, maumivu makali, kupumua kwa shida au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali mara moja.

## Kuanza ukiwa Tanga

14. Ninahitaji kompyuta gani?

Kwa chembe moja hadi makumi machache, kompyuta mpakato ya kawaida yenye memori ya GB 8 inatosha. Hesabu ya ukubwa ni nyepesi, kila mtu aifanye mwenyewe: milimita moja ya ujazo ina chembe milioni 5, kila chembe ina nukta 642, jumla ni zaidi ya nukta bilioni 3. Na hatua moja ya hesabu mara nyingi ni sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde, maana yake sekunde moja ya damu inadai hatua milioni 10. Kazi hiyo ni ya kompyuta kubwa za vyuo na vituo vya utafiti.

Usikate tamaa kwa namba hizo. Chembe moja iliyoigwa kwa uangalifu inafundisha mengi kuliko elfu moja zilizorushwa ovyo, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa katika swali la 8 yanaweza kuonekana kwa chembe moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi utaumia, kwa hiyo iamuru programu ihifadhi hali yake kila baada ya muda.

15. Programu zipi ni za bure?

HemoCell imetengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam mahsusi kwa chembe za damu, juu ya programu nyingine iitwayo Palabos. LAMMPS, ya maabara za Sandia za Marekani, hutumiwa na wanaopenda njia ya matone. Zote ziko wazi, unapakua na kusoma hata msimbo wake. Pakua pamoja na maelezo na mifano yake, usome nyumbani bila kuhangaika na bando.

16. Sikusoma fizikia zaidi ya kidato cha nne. Naanzia wapi?

Anza na Python, lugha ya kuandikia programu. Andika springi moja yenye nukta mbili, uivute, uiache itulie. Kisha tengeneza duara la nukta 50 kwenye bapa, ulipe kanuni ya kulinda mzingo na eneo la ndani, upunguze eneo huku mzingo ukibaki uleule. Duara litabonyea lenyewe na kupata umbo la chembe nyekundu iliyokatwa ubavuni. Nimewaona vijana wa Makorora na Chumbageni wakinyamaza kimya wanapoliona mara ya kwanza, kwani hakuna aliyeliambia lile umbo libonyee. Baada ya hapo hesabu za wima na mlalo zinapata maana, na mtu anarudi kwenye vitabu vya vekta kwa hamu.

17. Nitajuaje kwamba kielelezo changu hakidanganyi?

Kompyuta hairudishi kosa la fizikia kwa herufi nyekundu. Inakupa picha nzuri hata ukiwa umeingiza ugumu uliozidi mara mia. Kwa hiyo kila kielelezo kinapita majaribio kwa utaratibu, na mtu asiyeyapitia hatupokei matokeo yake darasani.

Kwanza pitisha majimaji matupu kwenye mrija. Kasi yake ikichorwa kutoka ukuta hadi ukuta lazima itoe mchoro wa parabola wa Poiseuille. Pili, weka chembe kwenye majimaji yaliyotulia: isisogee, ujazo wake usipungue. Hili linaangusha wengi. Chembe inayovuja taratibu inapoteza asilimia chache kwa kila sekunde na mwenyewe hajui, hadi maumbo yake yote yanapotoka si yenyewe.

Tatu ni jaribio la kuvuta, na ndilo ninalolipenda. Watafiti walishika chembe halisi kwa koleo za mwanga, shanga ndogo zikiwa zimegandishwa ncha zake mbili, wakaivuta kwa nguvu za hadi pikonewtoni 200 hivi na kupima urefu na upana kila hatua. Chembe ilirefuka hadi kukaribia mara mbili ya kipenyo chake huku ikisinyaa upana. Vipimo hivyo, vya mwaka 2003 na 2004, vimechapishwa. Chora mstari wa matokeo yako juu ya ule wa vipimo vyao. Ukipishana nao, rekebisha ugumu, na usiendelee mbele.

Nne, chembe nyingi kwenye mrija: je, unaupata mstari wa mnato wa Fåhraeus na Lindqvist wa swali la 4? Tano, punguza ukubwa wa pembetatu na wa hatua ya muda kwa nusu. Jibu likibadilika sana, lile la kwanza halikuwa jibu.

## Maswali ya pembeni

18. Damu iliyokaa benki inabadilika unyumbufu?

Inabadilika. Hata ikitunzwa vizuri kwenye nyuzi joto 2 hadi 6, nishati ya chembe hupungua wiki hadi wiki, utando unatoa vibubujiko vidogo na kupoteza eneo, na baadhi ya chembe zinaota miiba. Kwenye kielelezo unaiga kwa kupunguza ile asilimia 40 ya ziada. Haina maana kwamba damu ya benki haifai. Muda wa mwisho wa kutumika umewekwa kwa kuyajua haya, na damu hiyo inaokoa watu kila siku.

19. Kwa ateri kubwa, lazima kila chembe ihesabiwe?

Hapana. Mshipa ukiwa na milimita kadhaa, chembe ni ndogo mno kwa mshipa, na damu inachukuliwa kama kimiminika kimoja ambacho mnato wake unashuka kadiri matabaka yanavyopishana kwa kasi. Programu kama OpenFOAM inatosha. Angalizo: mahali damu inapokaribia kusimama, chembe hushikana kwa mafungu kwa msaada wa fibrinojeni, protini iliyo kwenye plazma, na hapo kuiona damu kama kimiminika kimoja kunaanza kuleta makosa.

20. Mbona mnaongea chembe nyekundu tu?

Kwa sababu ndizo nyingi mno. Chembe nyeupe ni kubwa na ngumu zaidi, chembe sahani ni ndogo, mikromita 2 hadi 3. Zote mbili husukumwa ukutani na nyekundu zinazojazana katikati (swali la 9), na huko ndiko zinakohitajika: nyeupe kutoka nje kwenda penye maambukizi, sahani kuziba jeraha. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anazo nyekundu chache za kuzisukuma sahani pembeni, na inachangia kutokwa damu kwa muda mrefu.

21. Akili mnemba haiwezi kufanya yote haya kwa haraka?

Inasaidia kukadiria matokeo baada ya kufundishwa kwa uigaji mwingi, na kutambua maumbo kwenye video za hadubini. Ikiulizwa jambo lililo nje ya ilichofundishwa, kwa mfano chembe ya selimundu wakati imeona za kawaida tu, itajibu kwa kujiamini na kukosea. Majaribio ya swali la 17 yanaihusu nayo.

22. Naweza kupima damu ya mbuzi kutoka machinjioni badala ya ya binadamu?

Kwa kujifunza hadubini, ndiyo, ukivaa glavu na kuongeza dawa ya kuzuia kuganda. Ila chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo sana, kipenyo chake hakifiki hata nusu ya za kwetu au kinaikaribia tu, na ziada yake ya utando ni tofauti, kwa hiyo namba za swali la 7 hazitumiki. Za kuku zina kiini na za ngamia zina umbo la yai. Ni kazi nyingine kabisa.

Damu ya binadamu kwa utafiti, hata tone la kidole cha rafiki yako aliyekubali, inahitaji kibali cha maadili. Kwa Tanzania Bara maombi ya ngazi ya taifa hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Andika pendekezo lako kwanza, utumie vipimo vilivyokwisha kuchapishwa wakati ukisubiri. Vinatosha kujenga kielelezo kamili cha chembe yenye afya.